Je, mwanao wa chuo alikuwa mvivu ama mgonjwa wakati wa corona?

WAZAZI wengi wa jiji hili wana jambo moja ambalo hadi leo hawajamaliza kulizungumza. Wakikutana kwenye chama, nje ya kanisa au msikiti, kwenye foleni ya matatu za Kangemi na Kawangware, ama kwenye benchi la kumngojea daktari, haupiti muda kabla mmoja wao hajaanza: "Huyu wangu corona ilimpata akiwa mwaka wa pili. Tangu hapo hajawahi kuwa yule niliyempeleka chuoni." Mwingine hudakia kwamba wake alilala mchana kutwa kwa mwaka mzima. Wa tatu husema kwa sauti ya chini kwamba wake hakumaliza masomo, na kwamba nyumbani kwao jambo hilo halitajwi.

Malalamiko haya nimeyasikia mara nyingi katika chumba changu cha matibabu upande wa magharibi wa jiji. Nimeyasikia kutoka kwa wazazi wenye nyumba kubwa za Lavington na Kileleshwa, na pia kutoka kwa wale waliopanga chumba kimoja Kangemi ama Uthiru. Karibu wote huishia kwa swali lile lile: je, ulikuwa uvivu, yalikuwa malezi yetu, ama mtoto alikuwa mgonjwa?

Msomaji, swali hili si la kale. Vijana hao sasa wana umri wa kati ya miaka 24 na 28 hivi. Wengi wamefuzu na wanajitafutia riziki. Lakini wako pia waliobaki nyumbani, ambao hawakurudi kumalizia shahada au diploma zao, na kila asubuhi wanaitwa wavivu. Iwapo kilichowapata kilikuwa ugonjwa, basi ugonjwa huo unatibika hata leo. Ndiyo maana inafaa tuutazame kwa makini badala ya kuendelea kulaumiana.

Tukumbushane yaliyotokea

Kisa cha kwanza cha Covid-19 humu nchini kilitangazwa Machi 13, 2020 na aliyekuwa Waziri wa Afya wakati huo, Bw Mutahi Kagwe. Siku mbili baadaye, aliyekuwa Rais, Bw Uhuru Kenyatta, aliamuru shule zifungwe na vyuo vikuu viwe vimewaachilia wanafunzi kufikia Ijumaa, Machi 20. Katika siku hizo chache, hosteli za Chuo Kikuu cha Nairobi katika bewa kuu, Chiromo na Kabete zilibaki tupu. Vijana waliondoka na mabegi yao wakidhani ni likizo ya majuma machache. Wengine waliacha vitabu na nguo vyumbani.

Machi 27 ilianza amri ya kutotoka nje usiku, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Aprili 6, usafiri wa kuingia na kutoka eneo la Nairobi ulipigwa marufuku, na haukufunguliwa hadi Julai 7. Kwa hiyo, kijana ambaye wazazi wake wako Kakamega au Kitui na ambaye alikuwa amebaki katika bedsita yake Kinoo akitumai chuo kitafunguliwa upesi, alijikuta peke yake kwa miezi mitatu.

Wanafunzi walianza kurejeshwa kwa zamu kuelekea mwisho wa mwaka wa 2020. Kabla hawajatulia, Machi 26, 2021 kaunti za Nairobi, Kiambu, Kajiado, Machakos na Nakuru zilifungwa tena, na masomo ya ana kwa ana yakasitishwa, isipokuwa kwa waliokuwa katika mitihani na wale wa vyuo vya utabibu. Marufuku hayo yaliondolewa Mei 1. Amri ya kutotoka nje usiku yenyewe haikufutwa hadi Oktoba 20, 2021.

Ukihesabu, mwanafunzi aliyeingia chuoni 2018 au 2019 kwa shahada ya miaka minne alipoteza utaratibu wa kawaida wa maisha kwa karibu mwaka mmoja na nusu. Kwa mtu wa miaka 50, muda huo ni mfupi. Kwa mtu wa miaka 20 ni sehemu kubwa sana ya utu uzima wake, na ilimwangukia wakati ubongo wake ulikuwa bado unajengwa.

Umri wa miaka 20 ni umri gani?

Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayosimamia kupanga kazi, kusubiri na kujizuia, huendelea kukomaa hadi mtu apite miaka 20 na kukaribia 25 au zaidi. Katika kipindi hicho kijana hujifunza kujitegemea kwa kutenda: kuamka bila kuamshwa, kupanga pesa za chakula, kuchagua marafiki, kupenda na kuachwa. Marafiki wa rika lake si anasa, bali ni sehemu ya malezi yake, kama vile maziwa yalivyokuwa alipokuwa mchanga.

Sasa tazama yaliyompata. Aliondolewa kati ya wenzake na kurudishwa katika nyumba aliyokuwa ameanza kuiaga. Alirudi kuwa mtoto, lakini bado alitarajiwa kusoma kama mtu mzima. Namna alivyoumia ilitegemea nyumba aliyorudi.

Katika nyumba yenye vyumba vingi, kijana alikuwa na mlango wa kufunga, na aliufunga. Wazazi wenyewe walikuwa wakifanya kazi sebuleni kwa tarakilishi, na kwa kuwa hakumsumbua mtu, walidhani anasoma. Katika baadhi ya nyumba hizo ilichukua miezi kabla ya mzazi kugundua kwamba kijana alikuwa ameacha kuhudhuria mihadhara, ama kwamba alikuwa akiingia kwa jina tu, kamera imezimwa, huku yeye amelala.

Katika nyumba ya chumba kimoja, hali ilikuwa kinyume. Wadogo zake walikuwa pale pale kwa kuwa shule pia zilifungwa. Redio ya jirani ilisikika ukutani. Bando la siku liliisha kabla ya mhadhiri kumaliza kueleza. Baba alikuwa amesimamishwa kazi ya hoteli au ya ujenzi, na kwa kuwa kijana huyu ndiye mkubwa, alitumwa kuchota maji au kuchuuza barakoa na matunda kando ya barabara ya Waiyaki. Yeye hakukosa watu wa kuongea nao, lakini alikosa nafasi ya kufikiri, na juu ya hayo alibeba aibu kwamba chuo kinakula pesa ambazo nyumbani hazipo.

Kukesha usiku na kulala mchana

Lalamiko la kwanza la wazazi karibu wote ni usingizi. "Saa sita mchana bado amelala!" husema mama, na baba hutikisa kichwa. Basi tueleze usingizi unavyofanya kazi.

Ndani ya ubongo mna kitu kama saa. Saa hiyo hurekebishwa kila siku na mwanga unaoingia machoni, hasa mwanga wa jua la asubuhi. Giza likiingia, ubongo hutoa homoni iitwayo melatonini, inayouambia mwili kwamba usiku umefika. Wataalamu wamegundua kwamba saa hii huchelewa zaidi mtu anapokaribia umri wa miaka 20, kisha huanza tena kurudi mapema kadiri anavyozidi kukua. Kwa hiyo kijana wa umri huo kukosa usingizi saa nne usiku si ukaidi. Mwili wake bado haujapata habari kwamba ni usiku.

Wakati wa kawaida kulikuwa na vitu vya kuirekebisha saa hiyo: mhadhara wa saa mbili asubuhi, kutembea kutoka hosteli hadi darasani juani, chakula cha pamoja, mchezo wa jioni. Vyote viliondolewa kwa siku moja. Badala yake kijana alibaki ndani, gizani mchana na mbele ya mwanga wa simu usiku. Mwanga huo huchelewesha melatonini zaidi. Baada ya majuma machache, usiku wake na mchana wake vilikuwa vimebadilishana.

Isitoshe, kuna jambo ambalo wazazi wengi hawakulijua. Bando za usiku zilikuwa za bei nafuu kuliko za mchana, na mtandao usiku huwa na kasi kwa kuwa watumiaji ni wachache. Wanafunzi wengi wasio na pesa walingoja usiku wa manane ndipo wapakue mihadhara na kutuma kazi zao. Yule uliyemkuta amelala saa sita mchana huenda alikuwa amesoma hadi saa kumi alfajiri, katika saa pekee ambazo nyumba ilikuwa kimya. Haifai kusema hivyo kuhusu kila kijana, kwani wako waliokesha kwa michezo na kamari ya simu. Lakini wewe mzazi, je, uliwahi kumuuliza?

Mtu wa umri wa miaka 18 hadi 25 huhitaji kulala saa saba hadi tisa. Asipozipata, ama akizipata kwa wakati usiofaa, hukasirika haraka, husahau, hushindwa kumakinika, na huanza kuona maisha kuwa meusi. Hapa ndipo usingizi mbovu unapofungua mlango kwa ugonjwa mkubwa zaidi.

Huzuni ya kawaida na huzuni ya ugonjwa

Kila mtu alihuzunika wakati wa corona. Vijana waliwapoteza babu na nyanya zao na hawakuruhusiwa kuhudhuria mazishi, kwa sababu idadi ya waombolezaji ilikuwa imewekewa mpaka. Mahafali yalifanywa kwenye mtandao. Huzuni ya namna hiyo si ugonjwa. Huja kwa mawimbi, na katikati ya mawimbi mtu bado hucheka, hula na kuuliza habari za wenzake.

Mfadhaiko, yaani ile huzuni ambayo ni ugonjwa, ni kitu tofauti. Sisi madaktari hutafuta dalili hizi:

1. Moyo mzito au hali ya utupu karibu kutwa nzima.
2. Kutofurahia tena mambo aliyoyapenda, kama vile mpira, muziki, kwaya au marafiki.
3. Kukosa usingizi, ama kulala kupita kiasi.
4. Kupoteza hamu ya chakula au kula ovyo, na uzito kubadilika.
5. Kuchoka hata bila kufanya kazi.
6. Kujiona hana thamani au kujilaumu kupita kiasi.
7. Kushindwa kumakinika, hata kusoma ukurasa mmoja.
8. Kusema na kutenda polepole mno, ama kutotulia kabisa.
9. Kufikiria kifo au kujiua.

Mtu akiwa na dalili tano au zaidi kati ya hizo, mojawapo ikiwa ile ya kwanza au ya pili, karibu kila siku kwa majuma mawili au zaidi, na maisha yake yakavurugika, basi huyo ni mgonjwa. Hana tofauti na mwenye kichomi au kisukari.

Kumbuka pia kwamba mfadhaiko hujificha. Kwa vijana wa kiume mara nyingi hutokea kama hasira, ulevi au kamari. Kwa wengine hutokea kama maumivu ya kichwa, tumbo au kifua. Si ajabu kumpata kijana ambaye ametibiwa taifodi mara tatu kwa mwaka mmoja na hapati nafuu, kwa sababu hakuna aliyemuuliza kuhusu moyo wake.

Usifikiri jambo hili ni la nyumba yako pekee. Machi 2022, Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitangaza kwamba katika mwaka wa kwanza wa janga hilo, mfadhaiko na wasiwasi wa kupindukia uliongezeka kwa asilimia 25 kote duniani, na kwamba vijana na wanawake ndio walioumia zaidi. Humu nchini, jopo lililoongozwa na Dkt Frank Njenga liliwasilisha ripoti yake kuhusu afya ya akili mwaka wa 2020 na kupendekeza tatizo hilo litangazwe kuwa janga la kitaifa. Mzazi anayedhani ni mtoto wake tu aliyeharibika yuko katika kundi kubwa sana.

Na wale walioambukizwa?

Vijana wengi walioambukizwa virusi vya corona walipona bila shida. Hata hivyo, baadhi ya watu, wakiwemo vijana ambao hawakulazwa hospitalini, walibaki na dalili kwa miezi mingi: uchovu usioisha, kukosa pumzi wapandapo ngazi, moyo kwenda mbio, na akili kuwa kama imefunikwa na ukungu. WHO inatambua hali hiyo iwapo dalili zimeonekana miezi mitatu baada ya maambukizi, zimedumu angalau miezi miwili, na hakuna ugonjwa mwingine unaozieleza.

Maneno hayo ya mwisho ni muhimu. Kabla ya kusema ni mabaki ya corona, ama hata kusema ni mfadhaiko, ni lazima daktari apime mambo mengine yanayochosha mwili: upungufu wa damu, kisukari, kasoro ya tezi ya shingo, kifua kikuu, virusi vya Ukimwi na, kwa msichana, ujauzito. Vipimo vingi kati ya hivi hupatikana katika hospitali za kawaida. Usikubali kijana wako apewe jina la ugonjwa bila kupimwa.

Jinsi wazazi tunavyozungumza

Sasa nirudi kwa yale mazungumzo yetu sisi wazazi. Kuzungumza ni kuzuri. Mama anayesikia kwamba wa mwenzake pia aliacha chuo hupata nguvu ya kutafuta msaada. Lakini kuna mazungumzo yanayoumiza.

La kwanza ni ulinganishi. "Mtoto wa jirani alisomea kwenye chumba kile kile na akapita." Kijana wako analijua hilo kuliko wewe, na yeye mwenyewe hujiambia hivyo kila usiku. La pili ni kumjadili mbele yake kana kwamba hayupo. La tatu ni hesabu ya karo. Ni kweli pesa zilitumika, pengine shamba liliuzwa au mkopo ukachukuliwa, lakini mgonjwa hapati nafuu kwa kusomewa deni. La nne ni baba na mama kulaumiana: huyu anasema mwenzake alimdekeza, yule anasema mwenzake alimfokea. Kijana husikia ukutani na kuhesabu kwamba yeye ndiye anayeivunja nyumba.

Badala yake, tafuta wakati mnapofanya kazi pamoja, kama vile kukata sukumawiki, kuosha gari ama kutembea kwenda dukani. Vijana huzungumza kwa urahisi mikono ikiwa na kazi na macho hayatazamani. Anza kwa ulichokiona, si kwa hukumu. Sema: "Mwanangu, nimeona hulali usiku na huli vizuri. Sikulaumu. Niambie inavyokuwa." Kisha nyamaza. Akijibu, "Niko sawa tu," usimkasirikie. Mwambie utamuuliza tena kesho kutwa, na utimize.

Muulize pia kuhusu wakati ule: "Mlipofukuzwa hosteli, ulijisikiaje? Yupi kati ya wenzako ulimkosa zaidi? Ni lini uliacha kufuata masomo?" Wengi hawajawahi kuulizwa maswali haya na mtu yeyote.

Ukihofia kwamba anafikiria kujiua, muulize waziwazi. Wazazi wengi huogopa kwamba kuuliza kutampa wazo hilo. La hasha. Kuuliza hakumpandi mtu wazo la kufa, bali humpa nafasi ya kutua mzigo. Akikubali kwamba anafikiria hivyo, usimwache peke yake, ondoa nyumbani dawa na kemikali za sumu, na umpeleke hospitalini siku hiyo hiyo. Hapo zamani familia ziliogopa polisi, kwa kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Januari 9, 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Kwa hivyo, usimfiche mgonjwa kwa kuogopa kifungo.

Mahali pa kwenda

Huhitaji kuanza kwa mtaalamu wa bei ya juu. Daktari wa kawaida, au kituo cha afya kama kile cha Kangemi au cha Riruta, kinaweza kumsikiliza, kumpima na kumwelekeza mbele ikibidi. Mbagathi na Hospitali Kuu ya Kenyatta zipo upande huu wa jiji, na Hospitali ya Mathari, barabara ya Thika, ndiyo hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili. Kijana ambaye bado ni mwanafunzi ana zahanati ya chuo na washauri nasaha wake. Aidha, Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina simu ya ushauri isiyolipiwa, nambari 1199.

Mfadhaiko mwepesi mara nyingi hutibiwa kwa mazungumzo na mshauri aliyefunzwa, bila dawa. Ukiwa mkali, dawa huongezwa. Dawa hizo hazifanyi kazi kama ya kuua maumivu. Huchukua majuma mawili hadi manne kuonyesha nafuu, wakati mwingine sita, na mgonjwa huendelea kuzimeza kwa angalau miezi sita baada ya kupona ili ugonjwa usirudi. Haifai kuziacha ghafla. Kwa walio chini ya miaka 25, majuma ya kwanza ya matibabu huhitaji uangalizi wa karibu kwani mawazo ya kujidhuru yanaweza kuongezeka kabla ya nafuu kuja. Hiyo si sababu ya kukataa dawa, ila ni sababu ya kurudi kwa daktari upesi mambo yakibadilika.

Maombi na ushauri wa wazee wana nafasi yao, na wagonjwa wengi hupata faraja humo. Lakini visichukue mahali pa matibabu.

Kurekebisha usingizi nyumbani

Kwa kijana ambaye usiku wake bado umegeuka mchana, fuateni hatua hizi:

Achague saa moja ya kuamka na asiibadilishe, hata Jumapili. Saa ya kuamka ina nguvu kuliko saa ya kulala. Asihimizwe kuruka kutoka saa sita mchana hadi saa kumi na mbili asubuhi kwa siku moja. Arudishe nyuma dakika 30 kila baada ya siku mbili au tatu.

Mara aamkapo atoke nje kwenye mwanga wa jua kwa nusu saa. Wa Kileleshwa na katikati ya jiji wana msitu wa Arboretum karibu. Wa Kangemi na Uthiru wanaweza kutembea vituo viwili vya matatu. Kutembea kwa haraka karibu kila siku ni tiba inayokubalika kwa mfadhaiko mwepesi.

Chai ya rangi kali, kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu visiguswe baada ya saa nane mchana, kwa kuwa kafeini hukaa mwilini kwa saa nyingi. Simu ilale nje ya mkono wake, ikiwezekana sebuleni pamoja na zenu nyinyi wazazi. Kanuni ambayo baba haifuati, mwana hataifuata.

Maswali mnayouliza mara kwa mara

"Daktari, miaka imepita. Je, si amechelewa?" Hajachelewa. Mfadhaiko uliodumu miaka mitano hutibiwa kwa njia zile zile, ingawa huenda ukachukua muda mrefu kidogo. Kuhusu masomo, nendeni chuoni kwake muulize kwa msajili na kwa ofisi ya masuala ya wanafunzi iwapo anaweza kurejea, ni masomo yapi aliyopita yatakayohesabiwa, na ni karatasi zipi zinazotakiwa. Ripoti ya daktari inaweza kusaidia. Anza na matibabu kwanza, kisha chuo, kwani kijana anayerudishwa darasani kabla hajapona huanguka mara ya pili, na anguko hilo humuuma zaidi.

"Nitajuaje kwamba si mvivu tu?" Mtazame anapofanya mambo anayoyapenda. Mvivu hukwepa kazi, lakini mpira ukianza yuko mstari wa mbele. Mwenye mfadhaiko hata mpira haumvutii. Pia uliza alikuwa vipi kabla ya 2020. Kijana aliyeamka mwenyewe miaka yote ya sekondari, akapata alama za kuingia chuo kikuu, kisha akabadilika katika muda wa miezi michache, anahitaji uchunguzi kabla ya kupewa jina.

"Anakataa kwenda kwa daktari. Nifanye nini?" Usimvute kwa nguvu maadamu hayuko hatarini. Mwambie mnaenda kupimwa damu kwa sababu ya uchovu wake, na hilo ni kweli, kwa maana vipimo hivyo vinahitajika. Jitolee kupimwa shinikizo la damu siku hiyo hiyo, ili awe anakusindikiza nawe unamsindikiza. Ukifika, mruhusu aingie kwa daktari peke yake. Ana zaidi ya miaka 18, na yale atakayoyasema humo ndani ni siri yake hadi aamue kukueleza, isipokuwa maisha yake yakiwa hatarini.

"Je, nimwombe msamaha kwa yale niliyomwambia?" Ukiona ulimwita mvivu wakati alikuwa mgonjwa, ndiyo, mwombe. Sentensi moja yatosha, wala heshima yako haitapungua. Nimewaona vijana waliokubali kuja kutibiwa juma lile lile walipoambiwa hivyo na baba zao.

Juma hili, kabla hamjakutana tena kwenye chama, keti na mwanao uhesabu naye zile dalili tisa. Zikifika tano, usingoje mwisho wa mwezi. Mlete.